Bangi, morfini, plasil au olanzapini: mgonjwa wa kansa umpe nini kwa shida ipi

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wanaouguza kansa swali hili haliishi: "jamani mafuta ya bangi yanasaidia kweli?" Na majibu ni yale yale, mmoja anasema yalimponya shangazi yake kabisa, mwingine anasema acheni ulevi mtafungwa, halafu aliyeuliza anabaki pale pale na mgonjwa wake yuko ndani anatapika. Mi nimeuguza nyumbani na jambo hili linaniuma, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua: bangi inayo kazi ya kweli kwenye kansa ila ni ndogo, hasa kwenye kichefuchefu cha kemo, na karibu kwa kila shida ipo dawa nyingine inayoizidi, ya bei nafuu, ya halali hapa hapa kwetu, na wagonjwa wengi wanaikosa kwa sababu hamna aliyewaambia waiombe.

Kwanza tuelewane ni bangi ipi

Kwenye bangi kuna vitu viwili vinavyotajwa sana. THC ndo inayolewesha, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga kule Israeli mwaka 1964, na ndo hiyo hiyo inayotuliza kichefuchefu na kuleta njaa. CBD hailewishi, na ndo inayouzwa kwenye vichupa vidogo vya bei mbaya. Sasa mtu akikwambia utafiti umeonyesha bangi inasaidia wagonjwa wa kansa muulize utafiti wa kitu gani, maana majaribio mengi yalifanywa kwa vidonge vya kiwandani, dronabinol na nabilone, ambavyo Marekani iliviruhusu mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha kemo. Kidonge kimeandikwa miligramu 2.5 na ndani kuna miligramu 2.5, kesho ukimpa kingine ni kile kile.

Weka pembeni yake yale mafuta meusi mazito yanayouzwa kimya kimya ndani ya bomba la sindano, hamna lebo, hamna tarehe, unaambiwa tu anza na nusu punje ya mchele halafu uwe unaongeza. Mafundisho hayo yalianzia kwa Rick Simpson wa Kanada, na yanataka mgonjwa apandishe taratibu mpaka afike gramu moja kwa siku, gramu 60 ziishe ndani ya miezi mitatu. Piga hesabu. Kama nusu ya mafuta hayo ni THC basi gramu moja ina miligramu 500, wakati wagonjwa wa Australia nitakaowataja hapo chini walianza na 2.5 mara tatu kwa siku, jumla 7.5. Ni zaidi ya mara 60! Kwa mama wa miaka 70 aliyekwisha dhoofika hiyo ni kudondoka bafuni, moyo kwenda mbio, kuona watu ambao hawapo chumbani. Au inakuwa kinyume chake, ndani hamna kitu, umenunua mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kwa sababu hakuna aliyepima. Na mara nyingi yanatengenezwa kwa spiriti au nafta, ikibaki humo mgonjwa anaimeza.

Kwa hiyo humu nikisema bangi imefanya hivi kwenye utafiti, naisemea ile iliyopimwa. Ya kwenye bomba la sindano siwezi kuisemea.

Kichefuchefu na kutapika

Hapa ndo bangi ina hoja, kwa hiyo tukae kidogo.

Kemo inatapisha kwa awamu. Kuna kutapika kwa siku ile ile, halafu kuna kutapika kwa siku ya pili mpaka ya tano, na hii ya pili ndo inawachanganya watu maana mgonjwa alitoka hospitali yuko poa, anacheka, siku ya tatu hashiki hata maji. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, inafanya kazi nzuri sana siku ya kwanza, baada ya hapo nguvu yake inapungua na inafunga choo, na choo kikifunga kichefuchefu kinaongezeka, unaona mzunguko wenyewe. Deksamethasoni inasaidia siku zote hizo. Plasil, ile metoklopramidi ambayo karibu kila duka la dawa wanayo, ni ya kuongezea mgonjwa akizidiwa, peke yake kwa kemo nzito kama sisplatini au ile nyekundu (doksorubisini) haitoshi.

Halafu kuna olanzapini, na hii ndo natamani kila anayeuguza aijue. Ni dawa ya wagonjwa wa akili kiasili, ndo maana watu wakisoma karatasi ya ndani wanashtuka wanairudisha, "mgonjwa wetu hana tatizo la akili jamani." Lakini mwaka 2016 ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 380 waliokuwa wanapewa kemo za kutapisha sana, wote wakiwa kwenye dawa za kawaida za kichefuchefu, nusu wakaongezewa olanzapini miligramu 10. Walioongezewa, asilimia 37 hawakusikia kichefuchefu chochote kwa siku tano nzima, wenzao asilimia 22. Lalamiko kubwa ni usingizi, sasa mwaka 2024 hospitali ya Tata Memorial kule Mumbai wakajaribu kiasi cha 2.5 tu dhidi ya 10, matokeo yakawa sawa na usingizi ukapungua. Kidonge cha bei ndogo, unakunywa usiku.

Bangi sasa. Australia walichukua wagonjwa ambao wanatapika au wana kichefuchefu japo wanapewa dawa zote zinazotakiwa, wakawaongezea kidonge chenye THC 2.5 na CBD 2.5, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Matokeo ya watu 147 yalitoka mwaka 2024: wasiotapika kabisa na wasiohitaji dawa ya dharura walikuwa asilimia 24 kwa bangi, 8 kwa kidonge kitupu. Mara tatu, sio jambo dogo kwa mtu aliyekata tamaa na kemo anataka kuacha. Ila isome vizuri, kati ya watu mia bado 76 hawakufika hapo, na wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Iliongezwa juu yake, hamna aliyeambiwa acha ondansetroni kunywa mafuta. Na walioitumia walipata usingizi, kizunguzungu na wengine hofu ya ghafla.

Mtu atasema mbona kuna majaribio mengi ya zamani bangi ilishinda. Ni kweli, mapitio makubwa ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 23, lakini mengi ni ya miaka ya 70 na 80, bangi ilikuwa inashindanishwa na kidonge kitupu au dawa za zamani kama prokloperazini, ondansetroni ilikuwa bado haijaingia sokoni. Kumshinda mpinzani wa mwaka 1980 hakukuambii utamshinda wa leo.

Ndo maana chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, kwenye mwongozo wao wa 2024 wanasema bangi iliyopimwa inaweza kuongezwa pale dawa za kawaida zimetolewa ipasavyo na mgonjwa bado anatapika. Uingereza nao tangu 2019 mwongozo wao kuhusu nabilone unasema hivyo hivyo. Kwangu mpangilio ni huu: ondansetroni na deksamethasoni kabla ya kemo, olanzapini usiku siku zile za kwanza, dawa ya choo, na mwambie daktari ukweli mzunguko unaofuata ("alitapika mara nne siku ya tatu" inamsaidia kuliko "hali ilikuwa mbaya"). Kwa aliye nchi yenye vidonge vya THC halali na bado anatapika baada ya yote hayo, hapo naunga mkono aombe.

Jambo moja wengi hawalijui, anayevuta bangi nyingi kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe, dalili yake ya ajabu ni kwamba anapata nafuu akioga maji ya moto sana. Kama mgonjwa wako alikuwa mvutaji wa siku nyingi na anatapika hata wiki ambazo hana kemo, lisemeni hilo hospitali.

Maumivu

Hapa sitazunguka. Kwa maumivu ya kansa morfini ya kunywa inaizidi bangi mbali sana, na inaniuma kuona familia inakataa morfini kwa kuogopa ulevi halafu inatafuta mafuta ya bangi kwa siri.

Ushahidi ukoje? Mwaka 1975 walilinganisha THC na kodini kwa wagonjwa 36 wa kansa, THC miligramu 20 ilikaribia kodini 120 ila iliwalewesha kiasi cha kutofaa. Baadaye ikaja dawa ya kupulizia mdomoni, Sativex, yenye THC na CBD nusu kwa nusu, ikapelekwa kwenye majaribio makubwa matatu kwa watu ambao opioidi (dawa za maumivu za jamii ya morfini) zimeshindwa kuwatuliza, majibu yakatoka 2017 na 2018, yote matatu haikuishinda dawa tupu kwenye kipimo kikuu. Sasa angalia upande wa pili. Italia mwaka 2016 walichukua wagonjwa 240 wenye maumivu ya kati, nusu wakapewa opioidi dhaifu, jamaa za tramadoli na kodini, nusu morfini kiasi kidogo. Waliopata nafuu ya maana: asilimia 58 kwa dhaifu, 88 kwa morfini. Hiyo tofauti unaiona kwa macho, mtu analala usiku.

Na morfini yenyewe kwetu sio ya kuchoma sindano tu. Uganda tangu 1993, Dokta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa pale Kampala, wanatengeneza ya maji, unga unachanganywa na maji kwenye chupa ya plastiki, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake kila baada ya saa nne, na tangu 2004 hata manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Tanzania hospitali ya kansa ya Ocean Road wanatoa, Kenya Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Kuanza ni miligramu 2.5 mpaka 5, unapandisha kwa kuangalia maumivu, ya usiku daktari anaweza kuifanya mara mbili ili mgonjwa asiamke saa nane za usiku kumeza dawa.

Woga wa watu ni wa aina mbili. Wa kwanza, atakuwa teja. Mtu mwenye maumivu ya kansa anayepewa kwa saa na kwa kipimo akifuatiliwa ni nadra sana kufika huko, mwili unazoea ndio, kwa hiyo haikatwi ghafla, inapunguzwa. Wa pili, "ukishapewa morfini ujue ndo mwisho." Wapo waliokunywa miaka, wakapigwa mionzi, uvimbe ukanywea, wakaiacha. Madhara ya kweli ambayo hayana ubishi ni choo kufunga, hili halizoeleki, kwa hiyo ukipewa morfini bila dawa ya choo kama bisakodili au sena rudi dirishani ukaiulize hapo hapo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza vinapungua.

Kuna maumivu ambayo morfini peke yake inasumbuka nayo. Yale ya mishipa ya fahamu, ya kuchoma kama moto au shoti, yanataka amitriptilini au gabapentini pembeni. Ya mfupa yana mionzi: Gy 8 (Gy ni kipimo cha mionzi) mara moja tu inapunguza maumivu sawa na kugawanya kwenye safari nyingi, na kwa mtu anayetoka Songea au Kigoma kwenda Dar hilo ni jambo kubwa sana, uliza kama mgonjwa wako anafaa.

Bangi hapa naiweka mwisho kabisa. Kama mtu yuko Kanada au Ujerumani, daktari ameshapandisha kila kitu na bado, ajaribu kwa kipimo. Kwa aliye Mwanza ambaye hata morfini hajaonja, kumpeleka kwenye mafuta ni kumchelewesha.

Hamu ya kula

Kila mtu anajua mvuta bangi anasikia njaa, kwa hiyo hapa matumaini ni makubwa na matokeo yanakatisha tamaa. Mwaka 2002 wagonjwa 469 wa kansa waliokuwa wanakonda walilinganishwa, dronabinol dhidi ya megestroli, dawa ya homoni ya kuongeza hamu ya kula. Walioongezeka hamu ni asilimia 49 ya waliopewa dronabinol na 75 ya waliopewa megestroli, walioongezeka uzito wa maana ni asilimia 3 kwa dronabinol na 11 kwa megestroli. Jaribio la Ulaya la 2006 hata halikuona tofauti kati ya bangi na kidonge kitupu. Kansa iliyokomaa inakondesha kwa njia zake, inakula misuli, njaa peke yake haijazi mwili.

Olanzapini inarudi tena hapa, na hili lilinifurahisha mno. Kusini mwa India, wagonjwa 124 wanaoanza kemo, nusu wakapewa miligramu 2.5 kila siku kwa wiki 12, matokeo yakatoka 2023: walioongezeka uzito zaidi ya asilimia 5 walikuwa asilimia 60, wenzao 9. Kidonge kile kile cha kichefuchefu. Megestroli inafanya kazi ila inaweza kugandisha damu, deksamethasoni inaleta hamu wiki chache halafu inaanza kula misuli na kupandisha sukari.

Kabla ya zote hizo mwambie afungue mdomo utazame na tochi. Utando mweupe ni fangasi, inatibika kwa dawa rahisi. Vidonda, choo kilichofunga siku sita, maumivu, hivyo vyote vinaua hamu na hamna bangi inayoviondoa.

Usingizi na wasiwasi

Hapa ndo vichupa vya CBD vinauzwa sana. Brisbane, Australia, walijaribu kwa wagonjwa 144 wa kansa iliyofika mbali, kuanzia miligramu 50 hadi 600 kwa siku, wakapima jumla ya dalili zao. Mwaka 2023 wakatoa majibu, haikuzidi mafuta matupu. Sasa kile kichupa cha mililita 30 kilichoandikwa miligramu 300, chote kizima, ni nusu ya dozi ya siku moja ya wale waliofikishwa juu kabisa na bado haikuwasaidia. THC inaleta usingizi kweli, ila kwa wengine inaleta hofu, hasa ambaye hajawahi kuitumia. Mi hapa hela ningeiweka kwenye nauli ya kliniki.

Kuponya kansa yenyewe

Najua wengine wameruka yote wakaja hapa moja kwa moja. Kwenye maabara THC na CBD zimeua seli za kansa, ni kweli. Seli zikiwa kwenye kisahani vitu vingi sana vinaziua, kazi ngumu ni ndani ya mtu. Kwa watu kilichopo ni kidogo: Hispania mwaka 2006 watu 9 wenye uvimbe mbaya wa ubongo walidungwa THC ndani ya uvimbe, ikaonekana wanaivumilia, lakini hawakupona. Uingereza mwaka 2021 watu 21 wenye uvimbe huo huo walijaribiwa Sativex pamoja na kemo, baada ya mwaka waliokuwa hai ni asilimia 83 dhidi ya 44, namba tamu ila watu wenyewe wachache mno, ndo maana wameanzisha jaribio kubwa linaloitwa ARISTOCRAT. Hata humo bangi inaongezwa kwenye kemo. ASCO wamesema wazi isitumike kama tiba ya kansa nje ya utafiti.

Nikiandika hili nawafikiria dada zetu wenye kansa ya shingo ya kizazi hatua ya pili, ambayo mionzi na sisplatini zinaponya wengi, halafu mmoja anaambiwa aache "sumu za hospitali" anywe mafuta miezi mitatu kwanza. Miezi mitatu inatosha kumtoa hatua ya pili kumpeleka mahali ambapo daktari hana la kuponya. Hapo ndipo nasema hapana, na sina namna ya kulipunguza makali.

Kuvuta au kumeza, na sheria

Kuvuta kunafika kichwani dakika chache na kunaisha saa mbili tatu hivi. Kumeza kunachelewa, nusu saa mpaka saa mbili, na kunakaa saa sita au zaidi, na ajali nyingi zinatokea hapo: amempa, baada ya nusu saa kimya, akamuongezea, zote zikapanda pamoja. Kwa mtu wa kemo ambaye chembe nyeupe zimeshuka, kuvuta mmea mkavu uliokaa guniani ni kuvuta na ukungu wake, kuna fangasi wa Aspergillus anayeshika mapafu na kwa mtu asiye na kinga anaua.

Tanzania na Kenya bangi ni kosa la jinai na hamna utaratibu wa mgonjwa kuinunua duka la dawa. Rwanda ilifungua mlango mwaka 2020 kwa kilimo cha kuuza nje, ndani kuvuta bado ni kosa. Ndugu zetu walioko Toronto au London mnaotaka kumtumia mama kichupa cha CBD, huko kwenu ni halali, ila kikipita Dubai au Muscat na kikishuka Dar anayeulizwa ni yule aliyekibeba kwenye mzigo wake.

Kama tayari anatumia

Wapo, na wengi hawasemi. Mwambieni daktari, jina la dawa zote na kiasi. CBD inaingiliana na ini linavyochakata dawa: warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kupanda mgonjwa akavuja damu, tamoksifeni ya kansa ya matiti inahitaji ini liibadilishe ndo ifanye kazi na CBD inaweza kuigusa hapo, na kuanzia miligramu 300 kwa siku vipimo vya ini vyenyewe vinaweza kupanda. Kwa walio kwenye dawa za kansa zinazoamsha kinga ya mwili kama nivolumab, Israeli mwaka 2019 waliangalia mafaili wakakuta waliokuwa wanatumia bangi uvimbe uliitikia kwa asilimia 16 wakati wasiotumia ni 37, haijathibitisha kwamba bangi ndo sababu lakini ningekuwa mimi ningesimamisha mpaka nimeongea na daktari. Asichanganye na pombe wala na diazepamu. Akienda kufanyiwa upasuaji, daktari wa usingizi aambiwe mapema, maana kipimo cha dawa ya usingizi kinaweza kubadilika.

Na kama daktari wa kemo hana muda, hospitali kubwa nyingi zina kitengo cha tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na dalili nyingine, hata kama kibao chake ni kidogo na kipo mwisho wa korido. Hauhitaji kuwa unakufa ili uende. Nenda na daftari: anatapika siku zipi, maumivu ni ngapi kati ya kumi asubuhi na usiku, choo mara ya mwisho lini, anakunywa nini cha hospitali na cha nyumbani, yakiwemo na hayo mafuta.